Taa Juu ya Samaki Wako

Ijumaa, 14 Novemba. Mwaka wa tatu umeshaingia tangu nitoke Kisumu, na ni miezi mitano tangu wakuzike Nyakach mimi nikiwa huku Uarabuni.

Mpendwa Mama Achieng',

Leo hatuendi kazini. Wenzangu wamefua nguo wakalala, na mimi nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya jengo letu, mahali penye kivuli kidogo, simu iko gotini. Naandika kwa kidole kimoja kwa sababu vile vingine simenti imevipasua. Unajua shule yangu iliishia wapi. Ukiona makosa, nyamaza kama ulivyozoea kunyamaza.

Kama simu yako ingekuwa bado inapokelewa, ungeuliza habari zangu kwa haraka, halafu ungeingia kwenye jambo lako: "Na watu wangu wa majini?" Basi nianze na hao. Wale samaki sita wa diskasi uliowaacha wamebaki wawili, yule dume wa buluu na jike lake la rangi ya chungwa. Maji yao yamekuwa ya kijani hadi Achieng' akinitumia picha naona vivuli tu. Mwani umeshika kioo, umeshika gogo, umeshika majani uliyoyapanda moja moja kwa kijiti. Kesho asubuhi Mzee Shabani wa Kaloleni yuko tayari kuja na ndoo awachukue. Wakishaondoka, mama yangu atamchukua binti yetu waende kukaa Nyakach, na nyumba yetu ya Nyalenda itarudishwa kwa mwenyewe. Wanangoja neno langu tu. Tangu juzi wanangoja, na mimi badala ya kuwapigia simu nakuandikia wewe.

Nakumbuka siku nilipowaleta. Yule Mhindi niliyemfanyia kazi Milimani alikuwa anahama na familia yake. Vitu vyote vilikuwa vimeshauzwa isipokuwa lile tangi la samaki. Aliniita akaniambia, "Wewe chukua hii samaki. Mimi nikipea mtu ingine, kesho kwisha." Nililileta tangi kwa mkokoteni, vioo vimefungwa kwa godoro kuukuu, watoto wa Nyalenda wakifuata nyuma kama wanasindikiza arusi. Samaki wenyewe walikuja kwenye ndoo za rangi zilizooshwa. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umerudi kutoka sokoni Kibuye, leso yako bado inanuka omena, dagaa wako wa kuuza, ukasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Baba Achieng', hii ni nini?"

"Samaki."

"Naona ni samaki. Mimi nashinda na samaki tangu asubuhi. Ni ya kuuza?"

"Hapana."

"Ya kula?"

"Hapana."

"Sasa ni ya nini?"

"Ya kuangalia."

Ulicheka hadi ukakaa chini sakafuni. Wewe nyar Uyoma, binti wa Uyoma, mtoto wa mvuvi, uliyekulia nyumba ambayo nyavu zilianikwa hadi mlangoni, mume wako amekuletea samaki wa kuangalia. "Yawa," ulisema ukifuta machozi, "hawa watu wa Nyakach wataniua. Hamjui samaki kabisa."

Siku za kwanza hukuwagusa. Ulipita mbele ya tangi kama unavyopita mbele ya mgeni wangu ambaye hujamkubali. Halafu jioni moja nilirudi nikakukuta umevuta kigoda, kidevu chako karibu kigongane na kioo, na wale samaki wa duara kama visosi wamejipanga upande wa pili, wametulia, mapezi yakitikisika polepole. Hukugeuka. Ulisema tu, "Wananiangalia pia. Wale wa Kibuye hawajawahi kuniangalia."

Kuanzia hapo wakawa wako. Mimi nilibaki mtu wa kubeba maji.

Ulijua jirani yetu Mama Otis asingekuacha hivihivi. Alipogundua kwamba kila Jumamosi unanunua kipande cha moyo wa ng'ombe, unakisaga na mboga, unawakatia samaki vipande vidogo kuliko punje ya mchele, alisimama uani akapaza sauti ili ploti nzima isikie.

"Nyar Uyoma! Samaki yako inakula nyama, na mimi niliye mtu nakula omena. Nikuje niingie kwa hayo maji?"

"Kuja uingie," ulimjibu ukiwa ndani, "lakini uoge kwanza."

Nasikia hadi leo anaisimulia hiyo.

Nakumbuka habari ya mvua. Maji ya bomba yalikuwa na dawa, tulikuwa tunayaacha kwenye pipa hadi harufu iishe. Lakini maji laini ya mvua ndiyo waliyoyapenda. Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati ulikuwa unatoka mbio na masufuria, na karai, na hata lile birika la wageni, unayapanga chini ya paa, huku nguo zako mwenyewe zinalowa kwenye kamba. Nilikuambia uanue nguo. Ukasema, "Nguo itakauka kesho. Hii mvua itaisha sasa hivi." Tukala chakula cha usiku kwenye mabakuli ya plastiki kwa sababu sufuria zote zilikuwa na maji ya samaki.

Halafu siku ile ya watoto. Yule jike wa chungwa alikuwa ametaga mayai juu ya gogo, safu kwa safu, na yule dume anayapepea kwa mapezi usiku na mchana. Mayai yakaanguliwa, vikawa vitu vidogo kama alama za koma za kwenye kitabu, na asubuhi moja vikaogelea vyote vikamwendea mama yao, vikamshika ubavuni. Nilikuwa nje nanawa uso nikasikia ukipiga kelele.

"Wanamla! Baba Achieng', kuja! Wanamla mama yao!"

Ulikuwa umeshakunja mkono wa blauzi uingize mkono uwatenganishe. Nikakushika kifundo cha mkono. Nikakuambia yule Mhindi alinionyesha hili: ngozi ya hawa samaki hutoa ute kama maziwa, na watoto wao hawajui chakula kingine siku za mwanzo ila mwili wa wazazi wao. Hawamli. Wananyonya.

Mkono wako ulibaki juu ya maji. Tukaona yule dume amesogea hadi akawa sambamba na mke wake, na jike akajitikisa mara moja tu, kwa nguvu, watoto wote wakamwachia wakahamia kwa baba yao. Ukanipiga kofi la begani.

"Umeona? Na huyu haambiwi. Anajua zamu yake."

Watoto wengi hawakufika mbali, unajua. Wachache waliokua ulimpelekea Mzee Shabani, yule fundi wa nguo aliyestaafu ambaye baraza yake pale Kaloleni ilikuwa imejaa matangi, naye akakupa majani ya kupanda: yale marefu kama nyasi, na yale mapana yanayokaa chini ya kivuli cha gogo. Ndiye aliyekufundisha kuhusu mwani. Ulimlalamikia kwamba kila ukifuta kioo, baada ya siku chache utelezi wa kijani umerudi, na kwenye gogo pameota ndevu nyeusi. Akakusikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, "Bibi, unawapa chakula mara ngapi?"

"Nikiona wananiangalia."

"Basi acha kuwaangalia. Hawa si wa kulishwa kwa huruma. Kinachobaki kinaoza, na mwani unakula kilichooza. Na taa yao izimwe mapema."

Mimi ilinichukua muda kuelewa. Wewe ulielewa kabla hatujafika nyumbani. Ulisema ni kama ziwa pale Dunga linapogeuka: mvua inashusha mbolea za mashambani na uchafu wa mji, jua linapiga, maji yanakuwa mazito kama supu ya mboga, na samaki wanapanda juu midomo wazi wakitafuta pumzi. "Baba alikuwa anasema ziwa limevimbiwa," uliniambia. "Kumbe hata hili letu linaweza."

Ndipo ulipoanza taratibu yako. Ukitoka Kibuye saa kumi unawasha taa ya tangi kabla hujavua viatu. Tukimaliza kula unaizima, hata kama kuna mgeni anawatazama. Jumapili baada ya kanisa unafuta kioo kwa kipande cha sponji, unakata kila jani lililoshikwa, na zile ndevu nyeusi za kwenye gogo unazing'oa kwa kucha. "Leo nimemnyoa mzee," ulikuwa unasema. Tangi lilikuwa safi hadi watu walidhani halina maji.

Kazi yangu ya Milimani ilikuwa imeisha yule Mhindi alipohama. Nilibeba mawe mjini, nikachimba mitaro, halafu ikaja hii ya Uarabuni. Asubuhi niliyoondoka ulikuwa unabadilisha maji. Nadhani ulichagua iwe kazi hiyo ili usinisindikize kituoni ukilia mbele ya watu. Ulinishika kifuani kwa mkono uliolowa ukasema, "Nenda. Hawa nitakuwekea hadi uje." Alama ya kiganja chako ilikaa kwenye shati langu hadi tukapita Ahero, ikakauka.

Presha ilikuangusha Kibuye, mbele ya gunia lako la omena. Wanaosema wanasema hukuumia. Sijui wanajuaje.

Ya ofisi ya hapa sitayaandika. Paspoti yangu wanayo wao, walisema mkataba haujaisha, walisema ningoje, nilingoja. Nikianza habari hiyo nitatukana na barua hii si ya matusi. Kule nyumbani wazee walikuacha mochwari siku nyingi wakinisubiri, halafu wakasema haiwezekani tena. Mdogo wangu Ouma alishika simu ili nione. Niliona migongo ya watu, nikaona mashamba nyuma yao, nikaona sanduku. Ouma akatupa udongo wa kwanza kwa niaba yangu akataja jina langu kwa sauti, nami nikaitika huku kwenye ngazi hizi hizi nilipokaa sasa. Kisha mtandao ukakatika.

Sasa nikuambie yaliyowapata samaki, kwa sababu hukuyaona.

Siku uliyoanguka, Achieng' alitoka shule akakuta hujarudi. Saa yako ilipofika akaiwasha taa ya tangi mwenyewe, ili ukifika ukute imeshawaka. Taa ilikuwa inawaka habari ilipoingia ndani. Watu wakaja. Unajua msiba wetu: mikutano kila jioni, viti vya kanisa, masufuria makubwa uani, na mama yangu, ambaye sisi sote tunamwita Dani, yaani bibi, kwa sababu ya Achieng', amekaa kwenye mkeka mbele ya tangi anapokea wageni. Otis, mtoto wa jirani, alitaka kuzima taa ile usiku, na Dani akamzuia. Alisema nyumba ya msiba haiwekwi giza. Ile taa mtoto amemwashia mama yake, na itawaka.

Na kwenye msiba wetu hakuna anayekaa bila kula. Hata mbwa wa ploti walinenepa. Wageni wakaona samaki wanawatazama, hawajapewa kitu. Mmoja akawatupia tonge la ugali. Mwingine omena. Mwingine wali. Shangazi yangu wa Sondu, Ouma aliponieleza sikujua nicheke au nilie, alikuwa anawamegea mkate wa chai kila asubuhi akisema, "Hawa pia wamefiwa."

Walikuwa na nia njema, Mama Achieng'. Hakuna hata mmoja aliyejua. Watu walipotawanyika baada ya mazishi, taa ilikuwa haijazimwa tangu siku uliyokufa, na maji yalikuwa yameanza kubadilika.

Achieng' alijitahidi. Mimi huku nilikuwa namwelekeza kwa simu wakati wa mapumziko, kelele za mashine ya zege zikiniziba masikio: toa maji kiasi, weka ya mvua, yawe vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto, futa kioo, kata majani yaliyoshikwa, usiwape chakula leo. Alikuwa anafanya. Kesho yake kijani kimerudi. Wa kwanza akafa, akafuata mwingine. Nilijua dawa. Dawa yake ni giza. Unazima taa, unalifunika tangi lote kwa blanketi zito siku kadhaa, hakuna hata mwale unaopenya. Mwani unakufa njaa, samaki wanavumilia. Nikaomba Dani apewe simu.

"Dani, ni siku chache tu. Lifunike kwa blanketi."

"Nifunike nini? Nifunikie mke wako nyumba kama mtu anaficha kitu?"

"Ni tangi, Dani. Si nyumba."

"Hiyo taa ni ya nani?"

"Ya samaki."

"Ilikuwa ya samaki. Sasa ni ya mke wako. Na msiba haujaisha, nyathina, mwanangu. Utaishaje na mume hajaja kulia?"

"Basi washa taa nyingine mezani, hiyo izime."

"Mtoto alimwashia mama yake hii. Hakuwasha nyingine."

"Nimemlilia huku. Nalia kila siku."

"Huko ni wapi?" aliniuliza, na hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kweli. "Mtu huliliwa kwa miguu. Unashuka barabarani unakimbia hadi kaburini, unaita jina lake, hata mbwa wa boma anajua mwenye nyumba amefika. Ukishafanya hivyo nitazima hata kama ni mchana."

Nilikasirika, sitakudanganya. Nilikata simu. Baadaye nikampigia tena, nikamwambia aweke sauti kubwa aiweke simu mbele ya tangi. Nikakulilia hapo, Mama Achieng'. Nilikuita kwa jina lako na jina la baba yako na la Uyoma yenu, nikiwa kwenye ngazi, wenzangu wakatoka vyumbani kuangalia ni nani anayelia kama mwanamke. Nililia hadi sauti ikakauka. Upande wa pili nikasikia Dani anapumua.

"Nimesikia," alisema. "Mungu pia amesikia. Lakini mke wako hayuko kwenye hili tangi, mwanangu. Yuko Nyakach."

Taa ikaendelea kuwaka. Wa tatu akafa, akafuata wa nne.

Ningeweza kumwambia Achieng' aichomoe taa wakati Dani yuko kanisani. Sikufanya. Yule mama alimzika baba yangu, akawazika dada zangu wawili, na kila mara alijua la kufanya wakati sisi wengine tunazungukazunguka uani kama kuku. Nisingemfanya mjukuu wake amdanganye. Kwa hiyo nilibaki kati ya vitu viwili, nikijua kabisa kinachowaua samaki wako ni kwamba mimi sipo.

Jumatano Achieng' alinipigia. Alikuwa peke yake.

"Baba, naweza kusema kitu? Usikasirike."

"Sema."

"Saa ya Mama kutoka Kibuye, wanakuja kwa kioo. Wote wawili. Wanasimama tu wanangoja. Mimi nikikaribia wanarudi nyuma ya gogo."

"Watakuzoea."

"Sitaki wanizoee."

 Akaendelea.

"Nikitoka shule naanza kuogopa nikiwa bado njiani. Naogopa kufungua mlango nikute mwingine amekufa, halafu nikupigie. Kila nikikuambia amekufa, unanyamaza, halafu unaniuliza maji yalikuwa na joto gani. Baba, mimi sijui joto lilikuwa gani. Mimi nataka kwenda Nyakach, kwa Dani. Nataka kulala mahali penye giza."

Alikuwa ameshaenda mwenyewe hadi Kaloleni, kwa miguu, akiwa na sare ya shule. Mzee Shabani alimkalisha barazani akamletea chai, akamsikiliza habari yote, ya taa na ya Dani na ya blanketi. Hakumcheka bibi yake. Alimwambia, "Nyumba yenu ina msiba wake, na bibi yako ana haki. Kwangu mimi hakuna msiba. Kwangu naweza kufunika." Ana tangi tupu nyuma ya nyumba, mbali na dirisha. Alisema atawatunza kama amana, na nikirudi nikitaka nitawakuta.

Dani naye amekubali samaki waondoke. Alisema kitu kilicho hai kisife kwa sababu ya mtu aliyekufa, nyar Uyoma mwenyewe asingependa. Lakini taa ataichomoa siku ya kuhama tu, na jioni hiyo hiyo ataiwasha Nyakach, kwenye nyumba yangu ile ndogo, si kwake atakakolala mtoto, kwa umeme wa jua alioufunga Ouma. Huko itawaka hadi mimi nifike.

Kwa hiyo unaona kwamba kila mtu amelipanga vizuri, na mimi ndiye niliyekwama. Tangu Jumatano nabeba matofali na kusema nitapiga leo, nitapiga jioni. Nimejiuliza ni nini kinachonishika, wakati jambo lenyewe ni la akili.

Ni hivi. Nilijua umekufa. Nimeliona sanduku. Lakini nikifumba macho baada ya kazi, nilikuwa narudi Nyalenda, siyo Nyakach. Nafungua mlango, taa ya tangi inawaka, maji ni safi, kigoda chako kimevutwa karibu na kioo, na ninajua umetoka kidogo tu, umeenda kuchukua mkaa kwa Mama Otis. Nimeishi kwa hilo miezi mitano. Mtu anapobeba ndoo ya zege ghorofa ya tisa kwenye jua hili anahitaji mahali pa kurudi, hata kama ni kichwani. Samaki wakitoka, nyumba ikirudishwa, mtu mwingine ataweka kitanda chake pale lilipokaa tangi. Nikifungua mlango huo tena nitamkuta yeye.

Na wakati mimi napata mahali pa kurudi, binti yako alikuwa anaingia kila siku humo humo, kwenye mwanga ule ule wa kijani, kuwangojea wafe.

Nimesimama kuandika nikampigia.

"Mpe Mzee Shabani," nilimwambia. "Wote wawili, kwenye ndoo moja, wasitenganishwe. Na umwambie mzee kwamba yule jike hali mbele za watu, asubiri wageni waondoke."

"Sawa, Baba." Nikasikia anafuta pua. "Na maji? Yale ya kijani?"

"Mwaga kwenye sukuma wiki ya Mama Otis. Ni mbolea nzuri sana hiyo."

"Atasema tumemletea supu ya samaki bila samaki."

Alicheka, Mama Achieng'. Kidogo tu, akajikata katikati kama mtu aliyesahau yuko wapi. Sijamsikia akicheka tangu ulipoondoka. Ana kicheko chako, kile cha kuanzia tumboni, na sikuwa nimelijua hilo kwa sababu siku zote mlikuwa mnacheka pamoja na sikuweza kutofautisha.

Hatukusema mengi mengine. Aliniambia Dani anakunja mapazia. Nikamwambia amsaidie.

Sasa kivuli kimenihama, jua linanipiga miguuni, na wenzangu wanaanza kuamka kupika. Nimekupa habari zote nilizo nazo. Samahani kwa taa kukusumbua macho muda mrefu hivyo. Pumzika, nyar Uyoma.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa tatu mwakani, na safari hii nimeshaambiwa mbele ya mashahidi kwamba paspoti nitapewa. Mvua za masika zitakuwa zimeanza kunyesha Nyakach, njia itakuwa na matope. Sitapita Kisumu kwanza, sina mlango huko. Nitashuka kituoni Pap Onditi asubuhi, nimpe Ouma mzigo, nivue viatu, na kutoka hapo nitakuja mbio. Utanisikia kabla hujaniona. Ni mwezi wa nne, mwanzoni.

Mume wako,
Baba Achieng'